Kivumbasi Kina Kazi Yake, Chandarua Kina Yake

Msimu wa mvua mbu huwa wengi, na kliniki akina mama hutuuliza: “Je, dawa za majani za kufukuza mbu zinafaa?” Jibu letu ni kwamba zinafaa, lakini kwa muda mfupi.

Majani ya kivumbasi yana mafuta yenye harufu kali ambayo mbu hawaipendi. Unaweza kuyaning'iniza mabichi mlangoni na dirishani. Mchaichai nao husaidia. Katakata majani, yapashe katika mafuta ya nazi kwa moto mdogo, chuja, yaache yapoe, kisha jipake mikononi na miguuni. Kwanza jaribu sehemu ndogo ya ngozi, ikiwasha, acha.

Tatizo ni kwamba harufu hiyo hupeperuka upesi. Ukijipaka saa moja jioni wakati wa kupika au kwenye jumuiya, baada ya saa moja au mbili nguvu yake imekwisha. Anofelesi, yaani mbu anayeeneza malaria, huuma hasa usiku tukiwa usingizini. Nani ataamka kila saa kumpaka mtoto mafuta? Kwa hiyo, majani ni ya barazani, lakini kitandani ni chandarua chenye dawa. Kichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka, kishonwe kikitoboka, na kikifuliwa kianikwe kivulini.

Tunawasihi pia mjihadhari na mambo haya:

1. Msifukize majani au kinyesi cha ng'ombe chumbani wanamolala watoto. Moshi hudhuru mapafu.
2. Msipake mafuta ya taa mwilini. Huunguza ngozi, na mtoto akiyanywa ni hatari kubwa.
3. Msipake maji ya ndimu au limau kisha mkakaa juani. Ngozi huweza kubabuka na kubaki na madoa.
4. Msimpake mtoto mchanga dawa hizi. Kinga yake ni chandarua.
5. Msimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini. Yameleta degedege na hata vifo.

Wodini tunapokea watoto waliocheleweshwa nyumbani, mzazi akisema, “Haiwezi kuwa malaria, tunafukiza kila siku.” Harufu ya majani si kipimo cha damu. Mtoto akipata homa, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Hutolewa tone la damu kidoleni, na majibu hupatikana kabla ya nusu saa. Akikutwa na malaria, amalize dozi yote ya dawa mseto, hata kama homa imeshuka. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, msingoje kupambazuke.

Basi, pandeni kivumbasi uani, fukieni madimbwi, na kila jioni, kabla ya kuzima taa, hakikisheni watoto wote wamo ndani ya chandarua.