Je, wajua? Kiputo cha hewa kinaweza kuichemsha injini ya ndege

Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu, maji ya chai huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mji uko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hapo nyuzi 95 hivi zinatosha. Rubani wa ndege ndogo ana mashaka zaidi: kadiri anavyopaa, ndivyo maji yanavyochemka mapema.

Chukua Rotax 912, injini ya Austria inayofungwa kwenye ndege nyingi ambazo watu hujiundia wenyewe. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini walisafiri Cape Town hadi Cairo kwa ndege ya Sling 4 waliyoiunganisha kwa mikono yao, nayo ilisukumwa na Rotax ya ukoo huohuo. Silinda zake nne hupozwa kwa upepo, vichwa vyake kwa maji. Pampu husukuma maji hadi kila kichwa, yakapanda kwenye tangi dogo juu ya injini, yakashuka kwenye rejeta na kurudi. Tangi limewekwa juu kwa makusudi, kwani hewa hukimbilia juu. Injini ikipata moto, vali ya mfuniko huachia hewa na maji ya ziada kwenye chupa ya akiba. Ikipoa, maji hurudi, mradi chupa haijakauka.

Balaa huanza pale mjenzi anapopitisha mpira wa maji ukapanda, kisha ukashuka. Kiputo hujibanza kileleni. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo chuma kilichoguswa na kiputo huungua. Tena kipimajoto kilichozungukwa na hewa chaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Afadhali kilichokufa kabisa.

Dawa yake ni subira. Injini ikiwa baridi, jaza polepole huku ukiibinya mipira mmoja mmoja. Vitatoka viputo, maji yatashuka, ongeza. Washa, ipate moto, zima, ipoe, kisha kagua tena. Fundi wa gari huliegesha mlimani pua ikiwa juu ili hewa itoke, na Gisenyi haina uhaba wa milima.

Ila usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Ndani, mgandamizo huyazuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua, huchemka papo hapo na kukurukia usoni.