Maji Maangavu na Maji Salama

Mzazi wa Mkolani amjengeaye mwanawe bwawa la kuogelea nyumbani humwepusha na kichocho cha ziwani, ugonjwa uletwao na vijidudu vitokavyo kwa konokono. Lakini yapasa ijulikane ya kwamba maji maangavu siyo lazima yawe salama. Ndugu msomaji, yapime kwanza kwa matone yabadilishayo rangi. Kipimo cha asidi, yaani pH, kiwe baina ya 7.2 na 7.8; kikipita 8, klorini hudhoofika, basi kishushwe kwa asidi kidogo kidogo. Kisha klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Harufu kali si dalili ya usafi, bali ya klorini iliyokwisha kushikamana na jasho na mkojo. Kwa hiyo watoto na waoge kabla ya kuingia.