Protini ya Nywele: Ipi Inafaa, Ipi ni Hatari?

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama na mabinti wanaofika kliniki yetu wanatuuliza mara kwa mara. Siku za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na ndoa zinapokaribia, saluni hujaa watu. Mama anataka nywele zake zisiendelee kukatika, binti anataka zake zinyooke na kung'aa, na wote wawili huambiwa, "Tukuwekee protini." Neno ni moja, lakini vitu vinavyopakwa kichwani kwa jina hilo ni viwili tofauti kabisa. Kimoja hakina madhara makubwa kikitumiwa vizuri. Kingine kinaweza kudhuru macho, mapafu na hata figo. Inafaa kila familia ijue kuvitofautisha.

UNYWELE NI NINI?

Unywele una sehemu mbili. Mzizi wake uko ndani ya ngozi. Huo ni hai na unalishwa na damu. Sehemu ya nje tunayoichana na kuisuka imekwisha kufa, kama ilivyo ncha ya kucha, ndiyo sababu hatusikii maumivu tunaponyolewa. Sehemu kubwa ya unywele imejengwa kwa protini iitwayo keratini. Kwa wastani nywele hurefuka kama sentimeta 1 kwa mwezi.

Kwa hiyo tuelewe jambo moja tangu mwanzo: unywele hauli. Protini inayopakwa nje hailishi mzizi wala haiharakishi nywele kukua. Kazi yake ni kama ya fundi anayeziba nyufa za ukuta kwa lipu. Ukuta unaonekana mzuri na unapata nguvu kidogo, lakini baada ya kuoshwa mara kadhaa lipu hiyo hutoka.

AINA YA KWANZA: PROTINI YA KUZIBA NYUFA

Hii ndiyo inayopakwa baada ya kuosha nywele, hasa zile zilizochoshwa na dawa ya kulainisha, rangi au pasi. Protini zake hutoka katika ngano, soya, maziwa, hariri au sufu, na viwandani hukatwakatwa ziwe ndogo sana ili zishike kwenye unywele. Hukaa kichwani kwa dakika chache kisha husuuzwa kwa maji.

Madhara yake hutokana zaidi na kuzidisha. Nywele zenye protini nyingi mno huwa kavu na ngumu kama nyasi za paa, na zikichanwa hukatika. Mwenye nywele huona zinakatika, akadhani zina upungufu wa protini, akaongeza nyingine! Ukiona dalili hizo, acha protini kwa wiki kadhaa, tumia kondishena isiyo na protini pamoja na mafuta yako ya kawaida.

Wenye mzio wa ngano, maziwa au mayai wawe waangalifu zaidi. Nchini Japani sabuni moja ya uso yenye protini ya ngano iliondolewa sokoni mwaka 2011, na watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wakiitumia walionekana kupata mzio wa ngano. Baadhi yao walivimba na kushindwa kupumua baada ya kula mkate.

Wengine hutumia yai nyumbani. Si vibaya, ila protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Hubaki juu tu. Suuza kwa maji ya baridi au vuguvugu, kwani maji ya moto yatalipika yai kichwani. Nawa mikono vizuri, na watoto wasilirambe, maana yai bichi laweza kuleta ugonjwa wa kuhara.

AINA YA PILI: "KERATINI" YA KUNYOOSHA

Hapa ndipo penye hatari. Dawa hii hupakwa, hukaushwa kwa drayari, kisha nywele hupigwa pasi yenye joto la nyuzi 200 au zaidi. Nywele hunyooka na kukaa hivyo kwa miezi. Kinachofanya kazi hiyo si protini. Mara nyingi ni formalini, ile ile tunayoitumia maabara na katika chumba cha maiti ili kuzuia nyama isioze. Inapopigwa pasi, hutoa hewa kali inayovutwa na anayetengenezwa, anayetengeneza na hata mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake.

Tunakumbuka binti mmoja aliyekuwa akijifunza kazi ya saluni. Alikuja kwetu na kikohozi kikavu, macho mekundu na koo linalowasha. Mara mbili tulimpa dawa ya kikohozi akarudi vile vile. Mara ya tatu ndipo tulipomwuliza anafanya kazi gani, swali ambalo tulipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Tukamwomba alete chupa ya dawa anayoitumia. Tulipofungua kifuniko tuliitambua harufu kabla hatujasoma maandishi. Alikuwa akipiga pasi dawa hiyo siku nzima katika chumba chenye dirisha moja dogo. Alipoacha kazi hiyo kikohozi kilipungua.

Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kemikali hii husababisha saratani kwa binadamu. Hatari huongezeka kwa anayeivuta mara nyingi na kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayepiga pasi yuko hatarini kuliko mteja.

Tusiamini upesi maandishi makubwa ya mbele ya chupa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilionya kiwanda kimoja ambacho chupa zake zilisema hazina kemikali hiyo. Zilipopimwa zilikutwa na asilimia 8.7 hadi 10.4.

Viwanda vingine vimeacha formalini na kutumia asidi ya glioksiliki. Nayo si salama. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilidhurika ghafla mara tatu, mwaka 2020, 2021 na 2022, kila mara baada ya kunyooshwa nywele kwa dawa yenye asidi hiyo. Kila mara alisikia kichwa kinaunguzwa wakati wa kupakwa, kisha akapata vidonda kichwani.

TUFANYE NINI?

1. Uliza swali moja kabla ya kukaa kwenye kiti: "Hii inasuuzwa tu, au inapigwa pasi?" Ikiwa inapigwa pasi ili zinyooke kwa miezi, jua ni aina ya pili. Ushauri wetu ni kuiacha.

2. Soma maandishi madogo ya nyuma ya chupa, au mpe mwanafunzi wa sekondari akusomee. Ukikuta neno lolote kati ya haya, rudisha chupa: formaldehyde, formalin, methanal, methylene glycol, glyoxylic acid. Dawa isiyo na maandishi, au iliyohamishiwa kwenye kopo jingine, isikubaliwe. Hapa Tanzania vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019.

3. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye pumu na wenye vidonda kichwani wasiitumie kabisa aina ya pili, wala wasikae chumba inamotumika.

4. Kwa aina ya kwanza, jaribu kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku 2. Pakuwasha au pakivimba, usiitumie. Fuata muda ulioandikwa, wala usiweke zile kali zaidi ya mara moja kwa mwezi.

5. Kwa mafundi wa saluni: vaeni glavu, fungueni milango na madirisha. Barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya formalini.

AKIDHURIKA

Mtoeni nje kwenye hewa safi. Mwosheni kichwa, na macho yasuuzwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15. Akishindwa kupumua au uso ukivimba, apelekwe hospitali mara moja. Vilevile, katika siku zinazofuata, akitapika, akiumwa tumbo au mgongo, au mkojo ukipungua, asingoje. Mje na chupa ya dawa yenyewe, itatusaidia sana.

PROTINI YENYEWE IKO SAHANINI

Mzizi wa unywele hulishwa na damu, na damu hulishwa na chakula. Mtoto mwenye kwashakoo nywele zake huwa chache, laini na za rangi ya kahawia, wala hakuna mafuta yanayozirudisha. Zinarudishwa na matibabu na chakula. Maharage, kunde, karanga, dagaa, mayai na maziwa ndiyo protini ya nywele.

Nywele zikikatika sana, msikimbilie saluni kwanza. Upungufu wa damu, mapunye, ugonjwa wa tezi ya shingo na kusuka kwa kubana mno huzing'oa pia. Mama aliyejifungua hupukutika nywele kwa miezi michache, kisha huota tena zenyewe. Njoni tuwapime. Harusi itapita kwa siku moja, lakini mapafu na figo tunavihitaji kila siku.