Fahamu: Postdok ni kazi gani katika maabara za saratani?

Umemaliza uzamivu, unaitwa daktari, lakini maabara yako huna. Hapo katikati ndipo ilipo postdok: kazi ya mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, chini ya mtafiti mwandamizi. Unalisha seli za uvimbe kwenye visahani, hata Jumapili (seli hazijui sikukuu), na unaandika makala ambazo jina lako litatangulia.

Marekani nafasi ni nyingi. Mwaka 2024 Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zilipandisha posho ya anayeanza hadi dola 61,008 kwa mwaka. Zinasikika nyingi mpaka uulizie kodi ya nyumba Boston. Ruzuku yao ya K99/R00 humvusha postdok hadi uprofesa, na wageni wanaruhusiwa kuiomba, ila kwa kawaida ni ndani ya miaka 4 ya mwanzo ya postdok. Anayejikongoja huikosa.

Wengi huingia kwa viza ya J-1. Isome vizuri: baadhi ya wenye viza hiyo hutakiwa kurudi kukaa kwao kwa miaka 2 kabla ya kuomba ukazi wa kudumu.

Si Marekani pekee: karibu zaidi na nyumbani, Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza 1967 kwa kutibu saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, inashirikiana na kituo cha saratani cha Fred Hutch cha Seattle, Marekani.

Usingoje tangazo. Mwandikie kiongozi wa maabara, utaje makala yake uliyoisoma na jaribio ambalo ungelifanya. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa hamsini hutambulika upesi.