Irabu Ipoteapo Kinywani

Huko Nanyamba, mkoani Mtwara, mwanafunzi aweza kuandika daftarini "nimekwisha kula", kisha akamwambia mwenzake "nshakula". Wapo wauitao usemi huo uvivu wa ulimi. Lakini wataalamu wa isimu huonyesha kwamba sauti hazipunguzwi ovyo, bali kwa kanuni.

Kiambishi cha maneno kama mtu na mti hapo kale kilikuwa mu-. Kutamka m midomo hufungwa; kutamka u midomo huviringwa. Kwa kuwa midomo ndiyo ifanyayo kazi zote mbili, u humezwa kwa urahisi. Irabu i hutamkwa midomo ikiwa imetanuka, kwa hiyo baada ya m haimezwi. Ndiyo maana husemwa mkorosho, lakini mikorosho. Kwa upande wake, n na i hutamkwa kwa sehemu ya mbele ya ulimi; kwa hiyo nisha- huwa nsha-.

Hata hivyo, u iliiachia m nafasi yake. Mtu ni neno la silabi mbili, na mkazo huiangukia m. Mbuni ndege ana silabi mbili, mbu-ni. Mbuni uzaao kahawa una tatu, m-bu-ni. Maandishi ni yale yale, sikio latofautisha.

Katika Kimakonde mwanamke huitwa nkongwe, na wingi ni vakongwe. Hapo mu- imegeuka n. Lakini mtu ni munu, kwa kuwa shina lake ni fupi na u bado imesimama. Mashariki ya Kongo nako wengi husema mutu.

Sababu nyingine ni wingi wa matumizi. Neno litumikalo kila mara huchakaa: kwisha, lilipotumiwa kuonyesha wakati, likafupishwa kuwa -sha-. Wahungaria nao, badala ya "azt hiszem", yaani "nadhani", husema "asszem".

Mwanafunzi anayechekwa kwa matamshi yake hunyamaza darasani; asiyesahihishwa maandishi yake hupoteza alama katika mtihani. Hapana budi mwalimu atenganishe mambo hayo mawili, akikumbuka kwamba "mtu" lililo sanifu leo nalo lilizaliwa kwa kumezwa irabu.

Darasa na lijaribu: wanafunzi wapige kofi moja kwa kila silabi ya mbuzi, kisha ya mbuyu, na wahesabu.