Karthala, Mlima wa Moto wa Ngazija

Wasomaji wetu wa Pwani wanawajua sana Wangazija, kwani tangu zamani wengi wao wamekaa Mombasa na Unguja, wakifanya biashara na kufundisha dini. Lakini si wengi wanaojua kwamba kisiwa chao cha asili kimeumbwa kwa moto uliotoka chini ya bahari, wala moto huo haujazimika mpaka leo.

Ngazija ni kisiwa kikubwa kupita vingine katika visiwa vinne vilivyo baina ya pwani ya Msumbiji na kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar. Ndugu zake ni Mwali, Nzwani na Maore. Vyote vimetokana na volkeno. Maore ni kikongwe, nacho kimekwisha kuliwa na mvua na mawimbi. Ngazija ndicho kitindamimba. Kusini yake umesimama mlima Karthala, wenye urefu wa futi zaidi ya 7,700. Kileleni pana shimo kubwa lenye urefu wa karibu maili mbili na nusu na upana wa karibu maili mbili. Aliyeliona shimo la Menengai karibu na Nakuru ataelewa. Tangu karne ya 19 mlima huu umelipuka zaidi ya mara 20.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya volkeno ni moto tu. Kweli, moto huharibu. Mwezi wa Aprili 1977 ardhi ilipasuka ubavuni mwa mlima, upande wa kusini-magharibi, na uji wa mawe yaliyoyeyuka, uitwao lava, ukateremka mpaka kijiji cha Singani ukaziteketeza nyumba. Lakini lava huonekana ikija, na mara nyingi mtu mwenye miguu yake aweza kuikimbia.

Adui wa pili haonekani upesi. Mwaka 1903 watu 17 walikufa, na kilichowaua hakikuwa moto bali hewa ya sumu iliyotoka mlimani. Tena, moto wa chini ukikutana na maji, maji hugeuka mvuke kwa ghafula, na mvuke huyapasua mawe yakawa majivu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1991, na tena mwaka 2005. Mwezi wa Aprili mwaka huo wa 2005 maelfu ya watu walivihama vijiji vyao; na mwezi wa Novemba majivu yalianguka hata katika mji mkuu wa Moroni.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Mvua ya Ngazija ni nyingi, lakini mawe yake yana matundu, na maji huzama chini yote, hata kisiwa hakina mto wa kudumu. Kwa hiyo watu wa vijijini hukinga maji ya mvua kutoka mapaani na kuyaweka katika birika. Majivu yakaingia katika birika hizo, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa maji safi ya kunywa. Mwezi wa Mei 2006 lava ilijaa shimoni, na wekundu wake ukaonekana usiku angani. Watu waliogopa sana, lakini moto ule ulibaki kileleni. Majivu yaliyoanguka kimya kimya ndiyo yaliyoleta dhiki kubwa zaidi.

Mtu atauliza, Mbona hawahami? Mkulima atajibu mwenyewe. Mawe na majivu ya kale, yakiisha kuoza, huwa udongo mzuri, nao huotesha vanila, karafuu na mlangilangi. Mlima unaotisha ndio huo huo unaolisha.

Tangu mwaka 1988 kisiwani pana kituo cha wataalamu chenye vyombo vya kusikiliza mitetemeko ya mlima. Hiyo ni kazi njema, lakini onyo la wataalamu halifuniki birika. Mwenye nyumba ndiye apasaye kuweka mfuniko imara, kuutenga mfereji wa paa mara majivu yanapoanza kuanguka, na kufagia paa kabla ya kukinga mvua tena. Wazee walisema, Tahadhari kabla ya hatari. Hawezi mtu kuuzuia mlima usilipuke, lakini aweza kuyalinda maji ya watoto wake.