Rider Haggard na Magofu Yasiyo na Wenyewe

Henry Rider Haggard, Mwingereza aliyetunga hadithi za safari, za hazina na za falme zilizopotea, aliingia katika Kiswahili mwaka 1929, miaka minne baada ya kufa kwake. Mwaka huo ilipigwa chapa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya King Solomon's Mines iliyofanywa na Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Waandishi wa historia ya nathari yetu aghalabu huitaja tafsiri hiyo kwa mstari mmoja, pamoja na Kisiwa Chenye Hazina, kisha hupita. Kupita huko kuna hasara, kwa sababu pwani yetu iliingia katika hadithi za Haggard kabla hadithi zake hazijaingia katika lugha yetu. Namna alivyoitazama ni jambo ambalo wanachuoni wa Kiswahili wanayo haki ya kulipima.

Alizaliwa tarehe 22 Juni, 1856, huko Bradenham katika jimbo la Norfolk, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake hakumdhania kuwa na akili nyingi, wala hakumgharimia masomo kama alivyowagharimia kaka zake. Mwaka 1875, akiwa kijana wa miaka 19, alipelekwa Natal kuwa mwandishi asiye na mshahara wa Sir Henry Bulwer, aliyekuwa mtawala wa koloni hilo. Mwaka 1877 alifuatana na Theophilus Shepstone katika msafara ulioitwaa Transvaal, na bendera ya Uingereza ilipopandishwa Pretoria, yeye alikuwa miongoni mwa walioipandisha. Baadaye alifuga mbuni, akaoa, na mwaka 1881 akarejea kwao kusoma sheria. Riwaya zake mbili za mwanzo hazikumletea sifa wala fedha za kutosha.

Kilichomtoa gizani ni ubishi wa ndugu. Alimwambia mmoja wa kaka zake kwamba Treasure Island, kitabu cha Stevenson kilichokuwa kikisifiwa sana, hakikustahili sifa zote zile. Kaka yake akaweka shilingi kwamba hataweza kuandika hata nusu yake kwa uzuri. Haggard akaandika King Solomon's Mines kwa muda wa majuma sita hivi. Kilitoka Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 31,000. Mchapishaji alikuwa amempa hiari ya kuuza haki zake zote kwa pauni 100 au kupokea fungu katika kila nakala. Haggard alikuwa karibu kuzishika zile pauni, lakini karani mmoja akamnong'oneza achague fungu. Mwaka 1887 zilifuata She na Allan Quatermain, na tangu hapo hakuacha kalamu hata alipokufa tarehe 14 Mei, 1925.

Aliamini kwamba hadithi za aina hii yapasa ziandikwe upesi na, ikiwezekana, zisiandikwe mara ya pili. Wahakiki wa wakati wake walimlaumu kwa hayo, nao hawakukosa hoja: sentensi zake nyingi ni nzito na vichekesho vyake hurudiwa mno. Lakini wepesi huo ulimpa kasi ya msimulizi wa barazani, ambaye hawezi kufuta alichokwisha kusema na kwa hiyo hana budi kwenda mbele. Kutoka kwake ilitoka kabila zima ya hadithi zilizojaza majarida ya Marekani yaliyopigwa chapa juu ya karatasi duni. Tarzan wa Edgar Rice Burroughs, aliyetokea katika jarida la namna hiyo mwaka 1912, ni wa ukoo huo. Na Robert E. Howard, mtungaji wa visa vya Conan, alikuwa msomaji wa Haggard.

Sasa tuitazame lugha yake. Haggard asema kwamba Wakukuana, watu wa nchi ya mashimo, walisema namna ya Kizulu cha kale, kilichohusiana na Kizulu cha siku zake kama Kiingereza cha Chaucer kilivyohusiana na Kiingereza cha karne ya 19. Ili kuonyesha ukale huo, aliwapa nafsi ya pili ya Kiingereza cha Biblia, ile ambayo Waingereza walikuwa wamekwisha kuiacha katika maneno ya kila siku. Waingereza wa hadithi, wanaposemezana wenyewe kwa wenyewe, hutumia nafsi ya kawaida. Basi pana ukuta ndani ya sarufi: upande mmoja wasimama watu wa leo, upande wa pili watu wa zama zilizopita.

Ukuta huo hauwezi kujengwa kwa Kiswahili sanifu. Sisi tuna wewe moja tu. Mfalme na mtumwa, mgeni na mwenyeji, wote huingia katika kiambishi kile kile, na heshima huchukuliwa na anwani, yaani bwana, mzee, shehe, na wala si na umbo la kitenzi. Mfasiri angetaka kuleta ukale kwa njia nyingine, ingembidi akope maneno ya Kingozi au ya Kiamu cha mashairi. Na hapo maana ingepinduka kabisa, kwa sababu katika lugha yetu ukale wa maneno ni alama ya elimu na daraja, si alama ya watu waliobaki nyuma. Kwa hiyo, kila afasiriye kitabu hiki kwa Kiswahili, apende asipende, huwaketisha Twala na Kapteni Good mkeka mmoja. Sijui faida nyingine ya tafsiri iliyo kubwa kuliko hii.

Kizulu chake chenyewe si cha kutegemewa siku zote. Sir Henry Curtis aitwa Incubu, na msimulizi anadhani kwamba maana yake ni tembo. Mswahili hahitaji kamusi kutilia shaka neno hilo, maana tembo kwa Kizulu ni indlovu, ndugu wa karibu wa ndovu wetu.

Allan Quatermain ndicho kitabu kinachotuhusu zaidi, kwani safari yake yaanzia Lamu. Wasafiri washuka hapo, wapokewa na balozi mdogo wa Kiingereza, waajiri wapagazi wa Kikwavi, kisha wapanda Mto Tana hadi kwenye misheni, wapigana na Wamasai, na mwishowe mto wa chini ya ardhi wawafikisha kwa Wazuvendi, taifa la watu weupe lililojificha katikati ya Afrika. Haggard hakuyatunga mambo ya pwani kutoka hewani. Kaka yake, John Haggard, aliyekuwa mwanamaji, alipata kuwa balozi mdogo Lamu katika miaka ya 1880, na mwishoni mwa kitabu mtungaji amshukuru kwa habari alizompa juu ya Wamasai, pamoja na kuitaja safari ya Joseph Thomson katika nchi yao.

Basi alikuwa na shahidi aliyekaa Lamu penyewe. Na kitabu chasema nini juu ya Lamu? Msimulizi akiri kwamba ni mahali pa ajabu, lakini yaliyokaa katika kumbukumbu yake ni uchafu na harufu mbaya ya ufuko ulio chini ya nyumba ya balozi. Si kitu mgeni kuziba pua. Lililo zito ni kwamba msimulizi wapita mji wa washairi na wanachuoni, mji wenye hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu majumbani mwake, akienda kutafuta ustaarabu uliopotea huko bara, penye watu ambao hawakuwako.

Siku hizo za balozi, al-Inkishafi ilikuwa imekwisha tungwa zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga kwa kuyatazama magofu ya Pate, kisiwa kilicho jirani na Lamu. Humo nyumba za fahari zimekuwa makao ya popo na ndege, zidaka zimebaki tupu, taa zimezimika. Lakini mshairi awajua wenyewe. Awataja kwa majina na kwa koo zao, auliza wako wapi, na jibu ni kwamba wamo makaburini. Gofu lake lina mwenyewe, na mwenyewe ni jamaa yake. Huzuni yote ya utenzi yasimama juu ya ujuzi huo.

Gofu la Haggard halina mwenyewe, au tuseme mwenyewe ameondolewa ili mgeni apate kuwekwa. Katika King Solomon's Mines barabara kuu na masanamu matatu ya mawe yanayoangalia mashimo hayadhaniwi kuwa kazi ya wenyeji; mawazo ya wasafiri yaenda kwa Sulemani na kwa Wafoinike. Yalikuwa ndiyo maneno ya wakati ule. Mwaka 1871 Karl Mauch alikuwa ameyafika magofu ya Zimbabwe na kuyafungamanisha na Malkia wa Sheba. Haggard naye, katika Elissa ya mwaka 1900, aliifanya Zimbabwe kuwa mji wa Wafoinike. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimbua hapo na kukata shauri kwamba ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson alichimbua tena mwaka 1929 na kuthibitisha hayo kwa ushahidi ulio imara zaidi, akautangaza kwa kitabu mwaka 1931. Tuangalie tarehe hizo: mwaka ule ule wenyewe waliporudishiwa magofu yao na wachimbuzi, mtoto wa shule wa Afrika Mashariki alianza kusoma, kwa Kiswahili safi, kwamba mashimo ni ya Mfalme Sulemani.

Hata hivyo haifai kumfunga Haggard katika hukumu moja. Nada the Lily, ya mwaka 1892, ni riwaya ambayo takriban watu wake wote ni Wazulu, wenye fitina zao na mapenzi yao, wala hakuna Mwingereza wa kuja kuwaokoa. Na mwishoni mwa King Solomon's Mines, Ignosi, aliyerudishiwa kiti chake kwa msaada wa Waingereza watatu, awaaga kwa kupiga marufuku mtu mweupe mwingine yeyote kuivuka milima: hataki wafanyaji biashara waje na bunduki na pombe, wala wahubiri waje kuwatia watu hofu ya mauti. Aliyeyatia maneno hayo kinywani mwa mfalme mweusi, mwaka 1885, ni yule yule aliyesaidia kuipandisha bendera Pretoria. Mwanafunzi atakayeilinganisha tafsiri ya Johnson na asili yake na aanze na ukurasa huo.